Joe Sheridan, mpishi aliyeipa jina kahawa ambayo nchi yake hailimi

KISANGANI – Katika hoteli kubwa za dunia kuna kinywaji kimoja cha moto ambacho karibu kila mhudumu wa baa anakijua: kahawa nyeusi, sukari, wiski, na juu yake tabaka jeupe la krimu baridi. Kinaitwa Irish coffee, maana yake kahawa ya Ireland. Lakini Ireland, kisiwa cha mvua na baridi kilicho magharibi mwa Uingereza, si nchi ya mashamba ya kahawa. Kila kilo ya kahawa inayonywewa huko inafika kwa meli au kwa ndege kutoka nchi za joto kama yetu.

Jina hilo lilitoka kwa mtu mmoja, Joe Sheridan, mpishi wa mshahara katika mkahawa wa abiria wa ndege. Hakuwa tajiri, wala hakuwa na shamba au kiwanda. Alikufa mwaka 1962 akiwa mbali na kwao. Leo kinywaji chake kinauzwa katika mabara yote.

Kwa wakaaji wa Tshopo, maisha ya mpishi huyo yana swali ndani yake. Kahawa ya robusta ni mtoto wa misitu ya Congo, na mto Lomami, ambao jina lake limeshikamana na historia ya kahawa hiyo, unamwaga maji yake katika mto Congo pale Isangi, ndani ya jimbo letu. Sisi tuna mti. Sheridan alikuwa na jiko, kikombe na wageni waliopigwa na baridi. Ni nani basi aliyepata jina, na kwa nini?

Mtoto wa Castlederg

Joe Sheridan alizaliwa mwaka 1909 Bridgetown, karibu na mji mdogo wa Castlederg, katika jimbo la Tyrone, kaskazini mwa Ireland. Wakati huo kisiwa chote kilikuwa chini ya utawala wa Uingereza. Alipofikisha umri wa miaka 12, mwaka 1921, kisiwa kiligawanywa. Sehemu kubwa ya kusini ikaingia katika njia ya kujitawala, na majimbo sita ya kaskazini yakabaki na Uingereza. Tyrone lilikuwa moja ya hayo sita.

Mwaka 1928 familia ya Sheridan ilihama, ikavuka mpaka huo mpya na kwenda kukaa Dublin, mji mkuu wa kusini. Joe alikuwa kijana wa miaka 19. Wakongomani wa mashariki hawahitaji kuelezwa sana jambo hilo: familia inafunga mizigo, inakwenda mahali penye kazi, na kijana anajifunza ufundi unaoweza kulisha nyumba. Ufundi wa Joe ukawa jiko. Na kazi ya jikoni ndiyo iliyompeleka, katika miaka ya Vita ya Pili ya Dunia, kwenye bandari ndogo ya Foynes.

Bandari ya ndege

Foynes ni kijiji kilicho kando ya mlango wa mto Shannon, upande wa magharibi wa Ireland, mahali ambapo mto unapanuka kabla ya kuingia katika bahari ya Atlantiki. Kutoka hapo ukielekea magharibi hukuti nchi kavu hadi Amerika. Kwa sababu hiyo, mnamo mwaka 1939 kijiji hicho kiligeuka kuwa moja ya vituo vikubwa vya ndege za abiria kati ya Ulaya na Marekani.

Ndege zenyewe hazikuwa kama zile tunazoziona Bangboka. Zilikuwa ndege za maji: tumbo lake limetengenezwa kama mtumbwi mkubwa, zinatua juu ya mto au ziwa, na abiria wanachukuliwa na mashua hadi ufukweni. Wakati ule viwanja virefu vya kutua vilikuwa vichache, lakini mito na maziwa yalikuwepo kila mahali.

Afrika yetu pia ilizijua. Kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilipitisha ndege za maji kutoka Afrika ya Kusini hadi Ulaya, zikitua Kisumu katika Kenya na Port Bell katika Uganda, kisha zikifuata mto Nile. Moja kati yake, iliyoitwa Corsair, ilipotea njia mwezi Machi 1939 na kuishiwa mafuta juu ya nchi yetu. Rubani aliishusha katika mto Dungu karibu na Faradje, katika Haut-Uélé ya leo. Iligonga jiwe na kutoboka, lakini abiria wote walisalimika. Kuitengeneza na kuirusha tena kutoka katika mto ule mwembamba kulichukua miezi mingi. Iliondoka mwezi Januari 1940.

Ndege za aina hiyo ndizo zilizokuwa zikitua Foynes. Ireland haikuingia vitani, hivyo bandari yake ilibaki wazi kwa safari za raia. Wanadiplomasia, maofisa wa jeshi waliovaa nguo za kiraia, wafanyabiashara, waandishi na wacheza sinema walipita hapo wakielekea Amerika au wakitoka huko. Safari ya kuvuka bahari hadi Botwood, katika kisiwa cha Newfoundland, ilikuwa ya masaa mengi, na ndani ya ndege palikuwa na baridi na kelele.

Wageni wa namna hiyo walihitaji chakula na mahali pa kungojea. Mwaka 1943 serikali ya Ireland ilikabidhi usimamizi wa mkahawa wa Foynes kwa kijana wa miaka 26, Brendan O'Regan. Serikali ilitaka mgeni anayekanyaga nchi yake kwa saa moja tu aondoke akiwa na picha nzuri ya Ireland. O'Regan akatafuta watu wa kazi, na jikoni akamweka Joe Sheridan.

Ndege iliyorudi

Habari ya kinywaji chenyewe inasimuliwa hivi. Katika majira ya baridi ya 1943, usiku mmoja, ndege iliondoka Foynes kuelekea Botwood. Baada ya masaa kadhaa juu ya bahari, hali ya hewa ilikuwa mbaya kiasi kwamba rubani aliona mafuta yasingetosha kufika upande wa pili. Akageuza ndege. Kutoka angani ujumbe ulitumwa Foynes kwa alama za Morse, ili wafanyakazi waliokwisha kurudi nyumbani waitwe tena.

Sheridan alikuwa mmoja wa walioitwa. Alijua watu gani wangemjia: watu waliochoka, wenye baridi, na waliovunjika moyo, kwa maana walikuwa wametoka hapo hapo masaa machache kabla na sasa wamerudi bila kufika kokote. Chai au kahawa ya kawaida ingewapasha moto kidogo. Yeye aliamua kuongeza kitu: akatia wiski ya Ireland katika kahawa yao.

Inasimuliwa kwamba abiria mmoja, baada ya kuonja, aliuliza kama hiyo ni kahawa ya Brazil. Sheridan akamjibu kwa utani kwamba ni kahawa ya Ireland. Utani ule ndio uliobaki kuwa jina.

Msomaji atazame vizuri swali la yule abiria. Kwa mazoea ya wanywaji, kahawa ilitambulika kwa nchi inayoilima. Kwa neno moja la jikoni, Sheridan aligeuza desturi hiyo: kahawa ikaitwa kwa jina la nchi inayoiandaa.

Ni haki kusema kwamba hakuwa mtu wa kwanza duniani kuchanganya kahawa na pombe, wala wa kwanza kuweka krimu juu. Huko Ujerumani kaskazini, katika eneo la Nordstrand, watu walikuwa wakinywa kahawa yenye ramu iliyofunikwa na krimu tangu karne ya 19. Vienna nako kuna vinywaji vya jamaa hiyo. Alichofanya Sheridan ni kuchagua vitu vya kwao, kuvipima, na kurudia kazi ile ile hadi kikombe cha leo kifanane na cha jana. Baada ya usiku ule aliendelea kukitengeneza vizuri, akakiweka katika glasi yenye mguu ili tabaka jeupe lionekane juu ya weusi wa kahawa, kisha akakiwasilisha kwa O'Regan. Kikaingia katika orodha ya vinywaji vya mkahawa.

Siri iko katika krimu

Kinywaji hiki kinaonekana chepesi, lakini kimewashinda wengi. Kipimo ambacho chama cha kimataifa cha wahudumu wa baa kinakitumia ni hiki: mililita 50 za wiski, mililita 120 za kahawa ya moto, kijiko kidogo kimoja cha sukari, na mililita 50 za krimu baridi.

Kazi inaanza na glasi. Inajazwa maji ya moto kwanza, kisha yanamwagwa, ili glasi isipoze kahawa wala isipasuke. Sukari inatangulia, kahawa kali inafuata, na mtu anakoroga mpaka sukari yote iyeyuke. Wiski inatiwa. Mwisho ni krimu, yaani yale mafuta mazito ya maziwa. Inapigwa kidogo tu, iwe nzito lakini bado iweze kumiminika. Ikipigwa sana inakuwa bonge, isipopigwa inazama. Inamiminwa polepole juu ya mgongo wa kijiko kilichoshikwa karibu na kahawa, ili itandazike bila kutumbukia.

Sababu ya krimu kuelea ni ya kawaida kabisa, hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kuieleza. Mafuta ni mepesi kuliko maji, na hewa iliyoingia wakati wa kupiga inaifanya krimu kuwa nyepesi zaidi. Sukari, kwa upande wake, inaifanya kahawa iwe nzito. Wiski inafanya kinyume: pombe ni nyepesi kuliko maji, hivyo inapunguza uzito wa kahawa. Ndiyo maana mtu anayeacha sukari mara nyingi anaona krimu yake ikizama. Sukari hapo haitafutwi kwa ajili ya utamu peke yake. Inashikilia krimu juu.

Kinywaji hiki hakikorogwi tena kikiisha kukamilika. Mnywaji anapitisha kahawa ya moto katikati ya krimu baridi, na midomo inapata vyote viwili kwa pamoja.

Kwa Waislamu, Wakimbangu na wengine wasiogusa pombe, kazi ni rahisi hata zaidi. Ukiacha wiski, kahawa yenye sukari inabaki nzito na krimu inaelea bila taabu. Linaloleta shida kwa mji kama wetu ni krimu yenyewe. Maziwa ya unga hayawezi kufanya kazi hiyo, wala maziwa mepesi ya pakiti. Inatakiwa krimu yenye mafuta ya asilimia 30 au zaidi, iliyowekwa katika friji hadi ipoe kabisa.

Kutoka mto hadi uwanja

Ndege za maji hazikudumu. Vita viliacha viwanja vingi vya kutua na ndege kubwa za magurudumu zilizoweza kuvuka bahari. Mwezi Oktoba 1945 safari za ndege za maji za Foynes zilifungwa. Upande wa pili wa mto ule ule kulikuwa kumejengwa uwanja mpya, ambao leo ni uwanja wa kimataifa wa Shannon. Mkahawa ulihamia huko, na kahawa ya Sheridan ikahamia pamoja nao.

Shannon palikuwa mahali pazuri kwa kinywaji kutafuta jina. Kwa miaka mingi ndege nyingi za kuvuka Atlantiki zilisimama hapo kujaza mafuta. Abiria walishuka, wakakaa kidogo, wakanywa, wakaendelea na safari. Kila ndege iliondoka na watu ambao wangekwenda kusimulia walichokunywa.

O'Regan naye hakulala. Mwaka 1947 alifungua pale Shannon duka la abiria lisilotozwa ushuru, linalohesabiwa kuwa la kwanza duniani la aina hiyo katika uwanja wa ndege. Mwaka 1951 alianzisha shule ya usimamizi wa hoteli hapo hapo. Ndivyo mahali palipotegemea ndege zilizoishiwa mafuta palivyojenga elimu ya kupokea wageni. Kikombe cha Sheridan kilikuwa sehemu ya kazi hiyo kubwa zaidi.

Krimu ilizama San Francisco

Mmoja wa abiria waliopita Shannon alikuwa Stanton Delaplane, mwandishi wa gazeti la San Francisco Chronicle la Marekani, aliyekuwa amepata tuzo ya Pulitzer mwaka 1942. Alikunywa kahawa ya Sheridan, ikamkaa moyoni. Aliporudi San Francisco alimweleza Jack Koeppler, mwenye baa ya Buena Vista, iliyoko karibu na bandari ya mji huo. Tarehe 10 Novemba 1952 wawili hao waliingia kazini wakijaribu kukitengeneza kinywaji kile usiku ule ule.

Walishindwa. Ladha haikuwa yenyewe, na krimu ilizama kila mara. Koeppler alisafiri hadi Ireland kutafuta jibu. Kuhusu krimu, msaada ulitoka kwa George Christopher, mwenye kiwanda cha maziwa huko huko San Francisco, ambaye baadaye alikuja kuwa meya wa mji. Aligundua kwamba krimu inaelea vizuri ikiwekwa kwa masaa 48 kabla ya kupigwa, na ikipigwa hadi uzito maalumu. Tatizo likaisha. Delaplane akaendelea kukiandika kinywaji katika safu yake, na watu wakaja Buena Vista kwa mistari. Mpaka leo baa hiyo inasema kwamba kuna siku inatengeneza hadi glasi 2,000.

Hapo ndipo maisha ya Sheridan yalipogeuka tena. Mwaka 1952 alipewa nafasi ya kazi katika baa hiyo, akaondoka Ireland. Alikuwa na miaka 43. Mtu ambaye alikuwa amewapikia wasafiri wa Atlantiki kwa miaka karibu kumi, sasa alikuwa mmoja wao, akielekea kule kule walikokuwa wakielekea wageni wake. Alikwenda kama wanavyokwenda wengi wetu: ameitwa na kazi.

Miaka kumi ya mwisho

Sheridan aliishi California kwa miaka kumi. Hakuwahi kuwa mmiliki wa kinywaji chake. Mapishi si kama mashine; mtu akiisha kuyaonja na kuyaona yakitengenezwa, anaweza kwenda kuyafanya kwake. Baa yoyote, Paris, Johannesburg au Dubai, inaweza kuuza kahawa ile bila kuwalipa warithi wake hata senti moja.

Alikufa mwaka 1962, akiwa na umri wa takriban miaka 53. Alizikwa katika makaburi ya Mtakatifu Maria, mji wa Oakland, ng'ambo ya ghuba kutoka San Francisco.

Miaka iliyofuata ilikuza kazi yake zaidi. Mwaka 1974 ilitokea Baileys, chupa yenye wiski ya Ireland na krimu vilivyokwisha kuchanganywa kiwandani, nayo ikauzwa dunia nzima. Mwaka 1989 Foynes ilifungua jumba la kumbukumbu la ndege za maji. Humo wageni wanaonyeshwa jinsi Sheridan alivyotengeneza kahawa yake, na kijiji kimekuwa kikiandaa sikukuu ya Irish coffee ambapo wahudumu wa baa wanashindana. Kijiji ambacho ndege zilikikimbia kinaendelea kupokea watalii kwa sababu ya kikombe kimoja.

Mti wetu, jina la wengine

Sasa turudi kwetu. Mwishoni mwa karne ya 19 wataalamu wa mimea kutoka Ubelgiji walichukua katika misitu ya bonde la Congo, hasa upande wa Lomami na Sankuru, kahawa iliyokuwa ikiota yenyewe. Kampuni ya kuotesha mimea ya Brussels iliiuza kwa jina la robusta, maana yake yenye nguvu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilipelekwa Java, katika Indonesia ya leo, ambako ugonjwa wa kutu ulikuwa umeangamiza kahawa ya arabika. Robusta ilistahimili. Kutoka hapo ikaenea. Leo robusta ni karibu asilimia 40 ya kahawa yote ya dunia, na nchi inayoongoza kuilima ni Vietnam.

Yangambi, takriban kilomita 100 kutoka Kisangani tukiteremka mto, ilijengwa kuanzia mwaka 1933 kuwa makao ya utafiti wa kilimo ya INEAC, ambayo leo ni INERA. Robusta ilichaguliwa na kuboreshwa huko, na mbegu zake zilikwenda mbali. Kisha yakaja mapigo mfululizo: machafuko baada ya uhuru wa 1960, zaïrianisation ya mwaka 1973 iliyowakabidhi mashamba watu ambao wengi hawakuyajua, na katika miaka ya 1990 ugonjwa wa kunyausha mikahawa, trakeomikozi, ulioua miti mingi katika kaskazini-mashariki ya nchi. Vita vikamalizia.

Mambo hayo yanaeleza kwa nini kahawa yetu ilipungua shambani. Hayaelezi kwa nini haikupata jina mezani. Hata katika miaka ya mavuno makubwa, Tshopo iliuza punje mbichi katika magunia. Kuikaanga, kuisaga, kuiandaa na kuiuza kwa kikombe kulifanywa na wengine, na faida kubwa iko huko. Mtu wa Kisangani aliyezoea kununua kahawa ya unga iliyotoka nje katika kopo au kipakiti, huku mti ukiota Isangi, Banalia na Opala, anajua maana yake.

Robusta ina kafeini karibu maradufu ya arabika na uchungu zaidi. Wanunuzi wa Ulaya mara nyingi waliitazama kama kahawa ya pili, ya kuchanganyia. Lakini kinywaji kama cha Sheridan kinahitaji hasa kahawa kali, isiyomezwa na sukari, krimu na pombe. Kwa kazi hiyo uchungu wa robusta si kasoro. Nchi yetu ina pia wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika Ituri na Kivu. Tuna miwa, na tuna watu wanaojua kutengeneza pombe kali. Lotoko ni ushahidi, ingawa ile ya vichochoroni, isiyopimwa, ni hatari kwa afya na haifai kupewa mgeni yeyote. Vitu karibu vyote vipo. Vinatengana kwa barabara mbovu, kwa umeme usio wa hakika, na kwa usalama unaokosekana kati ya ng'ombe na mji.

Ni rahisi kuilaumu serikali, na lawama nyingine ni za haki: barabara na umeme haviwezi kujengwa na mpishi. Hata hivyo Foynes ya 1943 ilikuwa kijiji cha pembeni katika nchi maskini wakati wa vita, ambako kila mkaaji alikuwa akipewa majani kidogo mno ya chai kwa wiki. Serikali ilifanya sehemu yake kwa kuamua kwamba mgeni apokelewe vizuri na watu wa nchi yenyewe. Msimamizi alifanya yake kwa kuwaamini wafanyakazi. Mpishi alifanya yake kwa kuongeza kitu katika kikombe ambacho angeweza kukitoa kama kilivyo, usiku, kwa watu ambao huenda asingewaona tena.

Abiria wanaoshuka Bangboka na wasafiri wa baleinière wanaofika beach ya Kisangani nao wanapewa kitu cha kunywa. Wafanyakazi wa mikahawa na hoteli za mji wetu wanaweza kuanza kesho na kitu kidogo: kahawa ya Tshopo, iliyokaangwa hapa, inayotolewa moto, kwa kipimo kisichobadilika, na jina la mahali ilipotoka likitajwa kwa mgeni. Krimu inaweza kungoja friji na umeme. Kutaja jina hakuhitaji mtambo wowote.

Joe Sheridan hakupanda mti hata mmoja wa kahawa. Nchi yake ilipata jina kwa sababu mtu wa jikoni alilitamka mbele ya mgeni, na wakubwa wake wakalishika. Wakulima wa Isangi na Yangambi, ambao mababu zao waliijua kahawa hii kabla haijafika Brussels, bado wanangoja mtu alitaje jina lao mezani.